Jiwe Kama Mkaa: Mwongozo Kamili wa Kuokota Vimondo vya Kaboni Kanda ya Ziwa

Mtu akiokota kitu asichokijua, mikono humtangulia akili. Atakipangusa kwenye suruali, atakitemea mate kidogo aone rangi yake, kisha atakipeleka bombani akioshe. Kwa jiwe la kawaida hakuna hasara. Kwa kimondo cha kaboni, hayo matatu yanatosha kukiua. Ipo aina ambayo chembe zake zimeshikamanishwa na chumvi zinazoyeyuka. Ukiitia kwenye beseni la maji inamomonyoka mbele ya macho yako, ukabaki na tope jeusi ambalo hata la kusiliba ukuta halifai.

Ndiyo maana mwongozo huu umeshughulika na mikono kuliko macho. Kuliona jiwe ni bahati. Kulifikisha salama kwa wataalamu ni kazi, na kazi hiyo mtu wa Igombe, Magu au Sengerema anaweza kuifanya kwa vitu vilivyomo jikoni kwake.

Tunatafuta nini hasa

Vimondo vinavyoonekana vikianguka, vingi ni vya mawe ya kawaida. Vya kaboni ni kama 4 au 5 tu katika kila 100. Huitwa vya kale kwa sababu havijawahi kuyeyuka tangu jua na sayari zake vilipoanza kujikusanya, miaka bilioni 4.5 na ushei iliyopita. Ndani yake kuna kaboni, kuna maji yaliyofungwa ndani ya madini, na kuna asidi amino, zile tofali zinazojenga protini za viumbe. Kimondo cha Murchison, kilichoanguka Australia tarehe 28 Septemba 1969, ndicho kilichowapa wanasayansi asidi amino za aina nyingi zilizotoka nje ya dunia.

Watanzania wengi wakisikia kimondo wanafikiria kile cha Mbozi, cha tani kama 16. Kile ni chuma kilichowahi kuyeyuka. Mvua imekinyeshea miaka nenda rudi, na wageni wamepiga nacho picha, na bado kipo. Cha kaboni kilicho laini huenda kisivumilie hata wiki moja ya masika.

Lakini tunacho chetu. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe la gramu 705 hivi lilianguka Ivuna, upande wa Ziwa Rukwa, katika mkoa ambao leo ni Songwe. Kundi mojawapo adimu sana la vimondo vya kaboni linaitwa CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Vimondo vya kundi hilo vilivyoonekana vikianguka unavihesabu kwa vidole vya mkono mmoja: viwili Ufaransa, kimoja India, kimoja Kanada, na hicho chetu. Chombo cha anga cha Japani, Hayabusa2, kilipoleta gramu 5.4 za udongo wa Ryugu, asteroidi, yaani mwamba mdogo unaozunguka jua, mwaka 2020, wataalamu waliupima wakakuta unafanana na mawe ya jamii ya Ivuna. Kwa hiyo Wajapani walisafiri miaka sita kufuata kitu ambacho ndugu yake aliwahi kuja mwenyewe Rukwa.

Na huku ziwani? Malampaka, pale Maswa kwenye njia ya reli, jiwe liliangukia mwaka 1930, ila lilikuwa la aina ya kawaida. Ng'ambo ya Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, mvua ya mawe ya angani ilishuka Mbale. Kipande cha gramu chache kilimpiga mvulana mmoja kichwani, lakini kwanza kilikuwa kimepunguzwa kasi na majani ya mgomba, kwa hiyo hakuumia. Anga ya kwetu nayo hudondosha.

Andaa mfuko kabla, usisubiri mshindo

Ukishasikia mshindo huna tena muda wa kwenda dukani. Kipande cha kaboni kinaanza kubadilika saa ileile kinapogusa ardhi, kwa umande, vumbi, wadudu na mafuta ya vidole.

Kilicho muhimu kuliko vyote ni foili ya aluminiamu, ile wanayofungia kuku na chipsi. Nunua roli jipya, tupa mizunguko miwili ya juu, halafu tumia ya ndani ambayo haijashikwa. Weka na glovu zisizo na unga, kijiko cha chuma kisichoshika kutu, na chupa mbili tatu za kioo zenye vifuniko vya chuma. Chupa zioshwe, zisuuzwe kwa maji ya moto, zikauke kabisa juani zikiwa zimeinamishwa juu ya foili. Ile ya pilipili iache, maana harufu yake haitoki. Ongeza rula, kalamu ya maka, daftari, bahasha za kaki na simu yenye chaji. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya usivitupe. Vitafanya kazi yake baadaye.

Sumaku iache nyumbani. Najua kila video inakuonyesha mtu akigusisha jiwe na sumaku, na kwa vimondo vya kawaida jambo hilo hufanyika sana. Ila jiwe la kale limebeba kumbukumbu ya usumaku wa tangu mfumo wa jua ukiwa mchanga. Ukiligusa na sumaku yako ya spika, umeandika juu ya kumbukumbu hiyo.

Mashahidi bora wako majini

Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi ikiwa kubwa, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa mbele ya mwezi. Maana yake, usiku ule ambao kimondo kinaonekana vizuri ndio usiku ambao mamia ya watu wako ziwani, macho wazi, mbele yao hakuna nyumba wala mti. Asubuhi shuka mwaloni. Kirumba, Igombe, Kayenze, popote mitumbwi inapotia nanga, utapata mashahidi kuliko kwenye mtandao wowote.

Shida ni kwamba mtumbwi unazunguka. Ukimwuliza mtu "kilielekea wapi?" atanyoosha mkono kwa uhakika mkubwa na kukupoteza. Uliza hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Usiku ule mlikuwa mmesimama wapi?"

"Nyuma ya kisiwa cha Kome, tulikuwa tunaziona taa za mjini."

"Kimondo kilipozimika, taa za mjini zilikuwa mkono gani?"

"Kushoto. Kilizimika juu kidogo ya mlima, si juu ya taa."

Hayo majibu yana thamani. Umepata mahali, umepata alama isiyosogea, na umepata sehemu kilipozimika, ambayo ni muhimu kuliko kilipoanzia. Kwa shahidi wa nchi kavu, rudi naye pale pale alipokuwa amesimama, mwambie anyooshe ngumi mbele yake: ngumi moja juu ya upeo wa macho ni kama digrii 10. Andika ni ngumi ngapi.

Kisha uliza kuhusu sauti. Mwanga huzimika jiwe likiwa bado juu sana, mara nyingi kilomita 20 au 30. Sauti hutembea kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Mtu aliyeona mwanga na akasikia ngurumo baada ya dakika moja na nusu au mbili alikuwa jirani kabisa. Aliyeona mwanga mkali bila kusikia chochote alikuwa mbali, hata kama anaapa kwamba kiliangukia nyuma ya shamba la jirani yake. Wote huapa hivyo, wala si waongo, ni macho tu yanavyodanganywa na umbali.

Ukipata mashahidi watatu waliokuwa mbalimbali, chora mistari yao kwenye ramani. Inapokatana ndiko kwa kuanzia. Siku hiyohiyo pita kwenye vituo vya mafuta na hoteli zenye kamera za ulinzi uombe video ya saa ile, kwani mashine zile hufuta za zamani zenyewe.

Zile nyota zinazodondoka kwa wingi kila Agosti au Desemba zisikutoe nyumbani. Hizo ni punje za vumbi, huisha juu kwa juu. Unachofuata ni mwanga ulioangaza ardhi, ukapasuka vipande, na ngurumo ikafuata.

Wapi pa kutembea

Baada ya mwanga kuzimika, mawe hushuka gizani kwa dakika kadhaa, yakisukumwa na upepo. Hutawanyika katika eneo lenye umbo la yai refu: makubwa hufika mbele, kule kimondo kilikokuwa kinaelekea, na madogo hubaki nyuma. Ukipata kipande kama punje ya hindi, makubwa yatafute mbele yake.

Kwa uso wa nchi yetu, nusu ya habari ni ziwa. Kilichoingia majini, kama ni cha kaboni, kisamehe. Warusi walitoa jiwe la zaidi ya nusu tani kutoka ziwani baada ya tukio la Chelyabinsk la mwaka 2013, lakini lile lilikuwa jiwe la kawaida, gumu. La aina ya Ivuna lingekuwa tope kabla hujapata mtu wa kuzamia. Pia sitaki usome hapa kisha ukaingie kwenye matete. Kuna mamba, kuna viboko, na kuna kichocho.

Nchi kavu, waulize Wasukuma wenyewe kuhusu udongo. Luseni, ule wa kichanga wa juu kwenye miinuko, ni zawadi: kitu cheusi kinaonekana hatua kumi mbali. Mbuga, ule mweusi wa chini unaopasuka kiangazi, ni adhabu. Kati ya sehemu hizo mbili, anza na luseni hata kama ramani yako inaonyesha mbuga ina nafasi kubwa zaidi, kwa sababu saa za kwanza ni chache na unataka kitu unachoweza kukiona. Viwanja vya mpira vya shule ni vizuri. Mapaa ya bati pia, na mifereji yake. Barabara za vumbi zikaguliwe kabla magari hayajaanza kupita.

Na usiyaruke mawe makubwa yaliyolala, haya ya Mwanza ambayo kina mama huanikia udaga na michembe. Juu ya mihogo iliyomenywa, nyeupe, kipande cheusi cha saizi ya harage hakijifichi. Anayegeuza mihogo ile kila siku anajua kila kitu kisichokuwepo jana. Mwombe tu aangalie. Vivyo hivyo kwa wanaoanika dagaa mchangani.

Kabla ya yote, pita kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Wageni wanaotembea kwa mstari wakiangalia chini huleta maneno, na sungusungu hawatakuuliza swali la sayansi. Ukisema wazi unatafuta jiwe la utafiti, na ukieleza lilivyo, utapata watoto ishirini wa kukusaidia. Wapange mita mbili mbili, jua likiwa chini asubuhi au jioni, na uwaambie jambo moja tu: ukiliona, simama, piga kelele, usiliguse.

Likionekana

Hapa punguza kasi.

Simama. Usilirukie. Chukua simu upige picha ya jiwe lilivyolala, kwanza kwa mbali kisha kwa karibu, rula ikiwa pembeni bila kuligusa. Kwenye picha moja onyesha kaskazini ni wapi. Hifadhi namba za mahali kutoka kwenye ramani ya simu, na uziandike pia kwenye daftari, kwa sababu simu huibwa. Andika saa. Andika kama ardhi ilikuwa na umande, kama kuna shimo, kama jiwe limepasuka.

Angalia kwa macho tu. Nje kuwe na ganda jeusi jembamba, lisilozidi milimita moja, lisilong'aa sana, wakati mwingine limepasukapasuka kama tope lililokauka. Pale lilipovunjika, ndani kuwe na rangi ya kijivu cha giza au nyeusi kabisa, yenye vidoto vya mviringo au vyeupe. Kwa yale ya jamii ya Ivuna hata vidoto hivyo hutavipata, ni weusi mtupu. Nyasi zilizoungua si dalili. Jiwe hufika likiwa la baridi au vuguvugu, maana joto huishia kwenye ganda. Kuna waliosema vipande vya Murchison vilinukia kama spiriti. Ukisikia harufu, iandike, ila usiinamie kupumulia juu ya jiwe.

Vaa glovu. Kata foili, ikunje iwe kama kiganja. Kwa foili nyingine au kijiko, lisukume jiwe liingie humo, kisha lifunge taratibu bila kulibana. Kama limekuwa vumbi, chota vumbi lote pamoja na udongo uliolishika. Huko Winchcombe, Uingereza, usiku wa tarehe 28 Februari 2021, kimondo cha kaboni kiligonga njia ya kuingilia nyumba ya watu. Asubuhi walikuta kirundo cheusi kama mtu kamwaga mkaa. Walikikusanya ndani ya saa 12 tangu kianguke, kabla mvua haijakipata, na ni hicho kirundo cha vumbi kilichogeuka hazina.

Kila kipande na foili yake, na namba yake. Usivichanganye hata kama vinaonekana vimetoka kwenye jiwe moja. Kisha fanya jambo ambalo wengi husahau: chota kijiko cha udongo hatua moja kutoka pale, ukifunge kwenye foili nyingine, uandike "udongo wa jirani". Maabara itakuja kuuliza, hii asidi ni ya angani au ya kinyesi cha ng'ombe aliyepita? Kile kijiko ndicho kitakachojibu.

Mvua ikitishia na hujamaliza, okota kwanza, picha moja moja, maelezo baadaye. Kati ya jiwe lisilo na picha nzuri na tope lenye picha nzuri, chagua jiwe.

Nyumbani

Pima uzito ukiwa umeshafunga: pima foili tupu ya ukubwa uleule, utoe. Kanda hii ina mizani mizuri kwa wanunuzi wa dhahabu, inasoma hadi sehemu ya gramu. Ukiomba kutumia, usifungue foili mezani kwao, na usiseme lina thamani. Utapata marafiki usiowahitaji.

Weka foili ndani ya chupa ya kioo, na kifuko cha kunyonya unyevu kikiwa nje ya foili, kisha funga. Friza ni nzuri zaidi: mwanzoni mwa mwaka 2000 mtu aliyeokota vipande vya Tagish Lake, Kanada, juu ya barafu, hakuvigusa kwa mkono na alivitunza vikiwa vimeganda, na usafi wake umesifiwa hadi leo. Lakini friza la nyumba ya Mwanza lina sangara. Kama huna kona isiyo na samaki, bora kabati kavu lenye giza. Ukishagandisha, usifungue chupa mpaka irudi kwenye joto la chumbani, vinginevyo maji ya hewani yatatua juu ya jiwe. Na umeme ukikatika mara kwa mara, usigandishe kabisa, kwa sababu kuganda na kuyeyuka ni kubaya kuliko joto.

Mawe yanayodanganya

Mwaka wangu wa kwanza nilisafirisha kilo tatu za "kimondo" kutoka Geita, nimezipakata kama mayai. Zilikuwa mavi ya chuma, mabaki ya matanuri ya wafua chuma wa zamani. Warongo walifua chuma upande ule kwa vizazi, na takataka zao bado zimetapakaa mashambani. Yatambue kwa matundu ya mapovu. Kimondo cha kaboni hakina mapovu kama ya mkate.

Mawe ya chuma ya Geita, yale ya tabaka tabaka, ni mazito sana. Hicho chako kinapaswa kukushangaza kwa wepesi, kwani mawe ya jamii ya Ivuna ni mepesi kuliko hata vipande vya mawe ya Mwanza vya ukubwa uleule. Vipande vya lami hunuka jua likiwaka. Na mkaa wenyewe, mdanganyifu mkuu, una nyuzi za mti ukiutazama kwa kioo cha kukuzia, wala hauna ganda la nje. Jiwe lenye mishipa myeupe ya kwatzi lirudishe ulipolitoa.

Akija mtu kukuambia analinunua kwa mamilioni ila utoe kwanza hela ya "kupima", huyo hata jiwe hajaliangalia.

Kulipeleka

Usivuke nalo mpaka bila kibali. Wataalamu wa hapa nchini wapo Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, na wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tuma picha kwanza, za pale lilipolala na za karibu, pamoja na namba za mahali. Jiwe likithibitishwa, kamati ya majina ya jumuiya ya kimataifa ya wanasayansi wa vimondo hulipa jina la mahali lilipoanguka, kwa sharti kwamba gramu 20, au asilimia 20 kama jiwe ni dogo, zibaki kwenye taasisi inayotambulika. Kwa hiyo andika jina la kijiji kama wenyeji wanavyolitamka, na kitongoji, si "karibu na Mwanza".

Safari ya Dodoma ni ndefu. Chupa ifungwe kwa nguo, iingie kwenye begi dogo, na begi likae mapajani mwako. Kondakta atataka kuliweka kwenye buti. Mwambie ni dawa ya mgonjwa ukitaka, ila lisiende kukaa na madumu ya samaki.